Kijumba cha kulalia juu ya pikapu: namna ya kukishusha na kukipakia nyumbani

"Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Mwaka jana nilinunua kwa wageni wawili waliokuwa wakirudi kwao kijumba cha kulalia kinachopakiwa nyuma ya pikapu. Kina miguu minne ya jeki kwenye pembe zake, na kibati chake kimeandikwa kilo 650. Gari yangu ni Toyota Hilux yenye siti za mbele tu. Msimu wa karafuu umekaribia, nataka bodi iwe tupu nibebe magunia. Mara ya kwanza kukishusha tulikuwa vijana sita. Mguu wa nyuma wa kulia ulididimia, kijumba kikalala upande, tukakimbia. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, na baadaye tukafanikiwa kukirejesha juu ya gari. Tangu siku hiyo mguu ule unazunguka kwa shida na mara nyengine unaruka. Jirani mmoja ananambia nikiweke juu ya matofali, mwengine anasema nikininginize kwa chenibloku, ule mnyororo wa kunyanyulia mizigo, kwenye mwembe wa uwani. Je, mimi na mwanangu wa miaka 14 tunaweza kukishusha na kukipakia wenyewe bila ya hatari?"

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika si zile kilo 650. Ni neno moja ulilolipitia haraka: mguu "unaruka". Nitalirudia. Kwanza nikupe jibu lenyewe. Ndiyo, kijumba cha uzito huo hushushwa nyumbani na watu wazima watatu, bila ya jasho la vijana sita, kwa sababu kazi ya kunyanyua ni ya jeki. Lakini kijumba chako wewe, kwa hali uliyonieleza, kisinyanyuliwe hata sentimita moja mpaka mguu ule ufunguliwe na fundi na uangaliwe ndani.

Naona wasiwasi wako wote umeelekea kwenye uzito. Ndivyo wengi wanavyofikiri, na ndiyo maana wanaita watu wengi. Uzito unaoshuka wima miguu ile inauweza, imetengenezwa kwa ajili hiyo. Isichokiweza ni msukumo wa ubavuni. Chukua mchi wa kutwangia, usimamishe wima sakafuni, uuegemee kwa kiganja kutoka juu: utakubeba. Sasa mtu mwengine ausukume kwa kidole kimoja kutoka pembeni. Miguu ya kijumba ndivyo ilivyo, na kadiri ulivyoirefusha ndivyo kidole hicho kinavyopata nguvu. Vijana sita waliokizunguka kijumba, kila mmoja akivuta na kusukuma kwa akili yake, ni vidole sita.

Msukumo huo hutoka wapi kama hakuna anayesukuma? Mara nyingi hutoka kwenye mteremko. Pemba yetu ni vilima na mabonde, na uwanja wa nyumba unaouona kwa macho kuwa sawa si lazima uwe sawa. Ukishuka mita 1 kwa kila mita 10, kijumba cha kilo 650 kinajisukuma kuelekea bondeni kwa nguvu ya takriban kilo 65, mchana na usiku, bila kuchoka. Ni kama mtu mzima amekiegemea ubavuni na hataki kuondoka. Kwa hiyo kabla ya kugusa jeki, kapime uwanja wako kwa pimamaji juu ya ubao mrefu. Kama hupati sehemu iliyo sawa ya urefu wa gari mbili, chonga ardhi uisawazishe, au kafanyie kazi hiyo kwa jirani mwenye uwanja mzuri.

Jambo la pili ni la pembe kwa pembe. Ukigawa 650 kwa 4 unapata kama kilo 160 kwa kila mguu, ukaridhika. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi tu. Meza yenye miguu minne kwenye sakafu mbovu husimama kwa mitatu na hucheza. Ukikaza jeki ya pembe moja peke yake, uzito unahamia kwenye pembe hiyo na ile inayotazamana nayo kwa mshazari, na miguu miwili inaweza kujikuta imebeba karibu mzigo wote, zaidi ya kilo 300 kila mmoja. Kama mmoja kati ya hiyo umesimama kwenye udongo laini, ndipo unapozama.

Na udongo wenu nao una tabia zake. Ule mwekundu ukikauka ni mgumu kama saruji, unamdanganya mtu. Ukinyeshewa saa moja tu unakuwa utelezi na ulaini. Kisahani cha mguu wa jeki, tuseme sentimita 12 kwa 12, ni kikubwa kidogo tu kuliko kiganja cha mtu mzima. Kilo 160 juu yake ni zaidi ya kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, na shinikizo linapungua mara 11. Ubao uwe mnene, inchi mbili hivi, maana ule mwembamba utajikunja katikati na mguu utazama nao.

Haya siyasemi kwa kuyasikia. Nimefanya kazi ya bodi za magari miaka mingi, na jambo hili lilinitokea uwani kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimekishusha kijumba cha mteja, kidogo kuliko chako, nikakiacha juu ya miguu yake mirefu nikisema kesho nitakiteremsha. Vibao nilikuwa sikuweka, ardhi ilikuwa kavu. Jioni ile watoto wa mtaani walikaa chini yake, kivuli kizuri, wanakula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili. Niliwaona nikapita. Usiku ikanyesha mvua ya vuli. Alfajiri nimetoka kwenda msikitini nikakikuta kimelala, mguu mmoja umekunjika kama ndoano, na chini ya ukuta wake yamebanwa makokwa ya maembe na kandambili moja ya mtoto. Mpaka leo nikiona kijumba kimesimama juu ya miguu mirefu na hakuna gari chini yake, sipiti bila kusema neno.

Sasa ushauri wa majirani zako, ambao naamini wamekupa kwa nia njema. Matofali ya saruji yanabeba ukuta kwa sababu ukuta unayakandamiza sawasawa kutoka juu. Ukiyawekea ncha ya chuma au pembe ya boriti, uzito unakusanyika sehemu moja, na tofali halitoi taarifa: zima sasa hivi, vipande dakika inayofuata. Lile lenye matundu ndilo baya zaidi. Mbao zinalia, zinabonyea, zinakupa nafasi ya kuondoka. Kwa hiyo tumia vipande vya mbao ngumu vilivyopasuliwa pande nne, uvipange kwa kupishana, viwili kwa urefu na juu yake viwili kwa upana. Usitumie magogo ya mviringo, yanabingirika. Gogo la mnazi nalo ganda lake la nje ni gumu lakini moyo wake ni laini, uliache.

Mwembe sikubali hata kidogo. Hujui tawi lile limeoza wapi ndani. Hata likiwa zima, kijumba chako hakikutengenezwa kunyanyuliwa kutoka juu. Kuta zake na paa ni fremu nyepesi ya mbao au bati jembamba iliyofunikwa. Utafunga mnyororo wapi? Ukizungusha mikanda chini yake, mikanda itaziminya kuta kwa ndani. Na kitu kinachoning'inia hupembea, nawe utakuwa na gari inayorudi nyuma chini yake. Hata gari ya winchi inamhitaji mtu anayejua kutanua mikanda kwa boriti juu ya paa ili isibane. Ukimpata mtu huyo ni njia nzuri. Ukimpata mwenye winchi tu, huna ulichokipata.

Turudi kwenye mguu wako. Ndani ya bomba lile mna skrubu ndefu inayopita kwenye nati, na nati hiyo mara nyingi ni ya madini laini kuliko skrubu, makusudi, ili ilike yenyewe kwanza. Juu, pale unapotia mkono wa kuzungushia, mna vigia viwili vyenye meno. Mguu ukizunguka kwa shida, huenda ni kutu ya hewa ya bahari, au bomba limepinda siku ile kijumba kilipolala na sasa linasugua. Ukiruka, mambo ni mawili: meno ya gia yamevunjika, au uzi wa nati umeliwa na unateleza. Lolote kati ya hayo maana yake ni moja. Mguu huo unaweza kubeba leo, na kesho ukaachia wote kwa mara moja. Mtu atakuambia mwagia dizeli, ulazimishe. Dizeli inalegeza kutu, haiurudishi uzi ulioliwa wala hainyooshi bomba.

Usiishie kwenye mguu. Angalia pale ulipofungwa kwenye ukuta wa kijumba. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka bolti zote, na gonga kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima inatoa sauti kavu. Iliyooza inatoa sauti ya mgonjwa na inabonyea. Ukiona michirizi ya kutu inateremka kutoka kwenye bolti, maji yanaingia humo. Siku kile kijumba kilipolala, bolti za pembe ile zilivutwa upande ambao hazikukusudiwa, na inawezekana mbao imepasuka ndani bila ya kuonekana nje. Hapa unahitaji watu wawili waje kukiona kwa macho: fundi wa kuchomelea kwa mguu, na seremala kwa pembe. Waifanye kazi hiyo kijumba kikiwa juu ya gari, kimekaa kwenye bodi.

Tuchukulie wameshamaliza, na miguu yote minne inazunguka laini kwa grisi mpya. Siku ya kushusha iwe kavu na isiyo na upepo mkali, maana kuta zile ni tanga. Mwaga maji yote ya tangi. Kila lita ni kilo moja, na maji yaliyo nusu tangi yanakwenda huku na huku. Funga mtungi wa gesi, funga makabati. Chomoa waya wa umeme unaotoka kwenye gari na fungua minyororo ya pembe zote nne inayokishika kijumba kwenye gari. Nayataja haya mawili kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa, na gari ikiondoka na mnyororo mmoja umeshika, kijumba kinavutwa nayo. Shusha mlango wa nyuma wa bodi au uutoe kabisa. Hendibreki, gia namba moja, na kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi.

Panga vibao, teremsha miguu mpaka yote minne iguse. Kisha nyanyua kidogo kidogo: miwili ya mbele sentimita 2 au 3, halafu miwili ya nyuma vivyo hivyo, halafu tena mbele. Mbele ya kijumba, ile inayotazama kichwa cha gari, iwe juu kidogo kuliko nyuma muda wote, kwa sababu uzito wa kitanda kilicho juu ya kichwa cha gari unakivuta kwenda mbele. Upande wa kushoto na wa kulia uwe sawa, na pimamaji isitoke mkononi. Utashangaa jambo moja: kijumba kinapanda na gari inapanda nacho. Ni springi za nyuma zinazopumua baada ya kutuliwa mzigo. Usiharakishe. Endelea mpaka uone mwanga kati ya kijumba na bodi kutoka mbele hadi nyuma, sentimita 5 hivi zinatosha. Zaidi ya hapo unaurefusha mchi bure.

Sasa simama. Pumzika robo saa, utazame kama kuna kibao kinachobonyea. Kikibonyea, teremsha, uanze upya mahali pengine. Kama kimya, toa kabari, endesha mbele taratibu kwa gia namba moja, usukani umenyooka, redio imezimwa. Awepo mtu mzima kila upande, kando, mbali kuliko urefu wa kijumba. Mkubaliane neno moja, "simama", na yeyote akilisema gari inasimama hapo hapo, hata kama amekosea.

Gari ikishatoka tu, kazi ya kwanza ni kukiteremsha, kabla ya chai. Kidogo kidogo, mbele na nyuma kwa zamu, mpaka kikae juu ya mbao zako zilizopishana kiasi cha goti au chini ya hapo. Miguu ibaki imegusa chini kama msaada tu. Ziba pande zote kwa makuti au mabati, kuku na mbuzi wasiingie, na watoto ndio hasa. Ukiwa na kitu cha kurekebisha chini yake, kirekebishe kabla hakijashushwa. Hakuna kazi inayostahili kichwa cha mtu kuingia chini ya kijumba kilichobebwa na jeki.

Kupakia ni kugumu zaidi, kwa sababu safari hii gari ndiyo inayorudi nyuma kuelekea kwenye miguu. Wengi wanaangusha hapa. Siku ya kushusha, kabla hujaiondoa gari mbali, chora kwa chokaa mistari miwili ya njia ya tairi, ukirudi unaifuata. Kumbuka pia kwamba gari tupu iko juu kuliko ulivyoiacha na mzigo, hivyo kijumba kinyanyuliwe juu kidogo kuliko unavyodhani. Rudi nyuma kwa klachi, pole pole, na kila baada ya mita moja simama ushuke uangalie kwa macho yako mwenyewe nafasi kati ya miguu na bodi, kushoto na kulia. Ikiwa huku vidole vinne na kule kimoja, usilazimishe. Toka nje yote, uingie upya. Hata mara kumi. Kukigusa kijumba kwa bodi ndio ule msukumo wa kidole tuliouzungumza, isipokuwa sasa kidole ni gari nzima. Usikubali mtu akwambie "sogeza kidogo, tutakisukuma". Ukutani mwa bodi, mbele kabisa, weka kipande cha mbao laini ili kijumba kisigongane na bati. Kikishakaa, funga minyororo yote minne, rejesha waya, na ukifika Chake Chake simama uikaze tena, kwa sababu baada ya mashimo ya kwanza huwa inalegea.

Uzito nao uutazame. Kilo 650 za kwenye kibati kwa kawaida ni za kijumba kikavu. Ongeza maji, mtungi, magodoro, vyombo na watu, kisha linganisha na mzigo unaoruhusiwa kwa Hilux yako kama ulivyoandikwa kwenye kitabu chake. Usipime kwa kutazama springi. Springi zilizoongezwa hubadili namna gari inavyokaa, hazibadilishi breki.

Kuhusu mwanao. Ana miaka 14, ana nguvu, na najua anataka kuwa karibu na baba yake kwenye kazi kama hii. Mpe pimamaji na mpe haki ya kusema "simama". Asizungushe jeki, asikae kati ya gari na kijumba, asitumwe kuingiza kibao chini. Na wa kukusaidia wawe watu wazima, mmoja kila upande, kwa hiyo jibu la swali lako la "mimi na mwanangu" ni kwamba mnahitaji watu wazima wengine wawili.

Umeniuliza njia iliyo salama, na nitakwambia ninayoiona, hata kama siyo uliyoitarajia. Ikiwa unahitaji bodi tupu kwa msimu mmoja tu, kodi pikapu ya mtu kwa siku za kupeleka karafuu kituoni, ukiache kijumba mahali pake. Fanya hesabu ya kodi hiyo ukilinganisha na kutengeneza mguu na pembe. Pengine kodi itakushinda, pengine haitakushinda, lakini ihesabu. Ikiwa ni mara mbili kwa mwaka, miguu iliyokarabatiwa inatosha. Ikiwa kila wiki, jengewa chanja ya chuma uwani, yenye miguu mipana iliyozamishwa kwenye zege na kufungwa mshazari, kimo chake sawa na bodi. Chanja hiyo haisukumiki, na jeki zinafanya kazi ya dakika chache tu.

Wakati wowote kijumba kikianza kulala, achieni wote, msikishike. Kilo 650 zikishaanza kwenda, mikono haizirudishi, inazisindikiza tu. Ondokeni, ondosheni watoto, mpigie fundi, na kisiguswe mpaka afike na mbao za kutosha za kukiegemeza.

Fundi wa kuchomelea akija wiki hii, mwambie aanze na mguu wa nyuma wa kulia, lakini amalize na ule wa mbele wa kushoto. Siku ile uliyonielezea, huo ndio uliokuwa mshazari wake.